Sura ya Nne: Mwanafunzi Aliyeihoji Herufi

Mwaka 1964 kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 23 alianza masomo katika shule ya sanaa na ufundi ya mjini Basel, Uswisi. Jina lake Wolfgang Weingart. Alizaliwa karibu na Ziwa Konstanz, jirani na mpaka wa Ujerumani na Uswisi, na alipofika Basel mikono yake ilikuwa imeshazoea kazi. Kwa miaka mitatu alikuwa mwanagenzi katika matbaa moja ya Stuttgart, akisimama kutwa mbele ya droo za herufi za risasi, akiziokota moja moja na kuzipanga mpaka ziwe neno, mstari, ukurasa.

Aliingia Basel kama mwanafunzi wa kujitegemea. Badala ya kufuata ratiba ya darasa, alitumia muda wake mwingi katika karakana ya herufi, akijipa kazi mwenyewe na kujisahihisha mwenyewe. Miaka minne baadaye, mwaka 1968, shule ile ile ilimkabidhi darasa alifundishe. Vijana waliopita mikononi mwake waliyapeleka mawazo yake Ulaya na Marekani, na sura ya mabango, majalada ya vitabu na magazeti ya miongo iliyofuata ikabadilika.

Nimemchagua Weingart kwa sababu safari yake inajibu swali linalowasumbua wanafunzi wengi wa usanifu: jaribio la kweli linaanzia wapi? Wengi hudhani linaanzia kwenye ujasiri wa kuvunja sheria. Maisha ya fundi huyu yanaonyesha kwamba linaanzia mapema zaidi, kwenye kukijua kifaa ulichokishika mpaka ujue kinataka nini, kinakataa nini, na kinaweza nini ambacho hakijawahi kuombwa kukifanya.

Uzito wa nafasi tupu

Ili kuelewa majaribio yake, ni lazima kwanza tuielewe herufi ya risasi. Ni kijiti cha madini yaliyochanganywa: risasi, bati na antimoni. Juu yake kumechongwa herufi iliyogeuzwa, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili ikishapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi isomeke sawasawa. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya kijiti hicho kilikuwa na kimo cha milimita 23 na nusu hivi, na vijiti vyote vya karakana moja vililingana kimo. Kimoja kikizidi kidogo, kinatoboa karatasi, kikipungua, hakigusi.

Jambo ambalo mtumiaji wa kompyuta hulisahau kwa urahisi ni kwamba katika kazi hii hata nafasi tupu ni kitu cha kushika. Kati ya neno na neno mpangaji huweka kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, ambacho hakifikiwi na wino. Kati ya mstari na mstari huweka ubapa mrefu wa madini. Pembezoni mwa ukurasa huweka vipande vikubwa zaidi. Eneo lote jeupe la ukurasa limejengwa kwa mkono na lina uzito wake kwenye mizani. Kisha kila kitu hubanwa ndani ya fremu ya chuma, na kisipobanana barabara, herufi zote huporomoka wakati wa kuinuliwa.

Kwa kuwa kila kijiti kina pembe nne za mraba, fremu hiyo inapenda mistari iliyonyooka: mlazo na wima. Anayetaka mstari wa mshazari au wa duara hana budi kuziba mapengo yote yatakayobaki, na kazi hiyo inaweza kumla siku nzima. Ndiyo maana kurasa nyingi za karne tano za uchapaji wa herufi zina umbo la mstatili. Mpangaji aliyeketi miaka mitatu na vijiti hivi anajua kwa vidole ni sheria ipi imeletwa na jicho la msomaji, na ipi imeletwa na umbo la madini. Weingart alilijua hilo kabla hajakanyaga Basel, na elimu yake yote iliyofuata iliota juu ya ujuzi huo.

Droo iliyomwagika

Alipokuwa bado mwanagenzi, ilitokea ajali ambayo kila mpangaji huiogopa. Droo ya herufi aina ya Akzidenz-Grotesk za pointi 6 ilianguka na kumwagika. Herufi za pointi 6 ni ndogo mno. Mwili wa kijiti kimoja una unene wa milimita mbili na kidogo. Desturi ya karakana ilikuwa kuziokota zote, kuzitazama moja moja, na kurudisha kila moja kwenye kijumba chake.

Weingart aliziokota, lakini hakuzirudisha. Alizikusanya bila mpangilio wowote, akazibana katika umbo la duara, akazipaka wino na kuzichapa. Karatasini pakatokea sahani nyeusi iliyosongamana herufi zilizolala, zilizopinda, zilizosimama kwa kichwa, bila neno hata moja. Kisha akaligeuza fungu zima juu chini, akachapa na nyayo za vijiti vile, upande ambao haukukusudiwa kuguswa na wino. Nyayo nazo zikaacha alama zake: vistari na vijipande vya mraba vilivyojaa karatasi kwa mdundo wa namna nyingine.

Tuitazame kazi hiyo kwa makini. Duara ndilo umbo ambalo risasi hulikataa zaidi, na yeye alilifikia kwa njia ambayo asingeifikia kwa kuchora. Upande wa chini wa kijiti ulikuwepo tangu siku za mwanzo za uchapaji, kila fundi aliugusa kila siku, lakini kwao haukuwa na kazi ya kuonekana. Alichokifanya mwanagenzi huyu ni kukitendea haki kifaa chote, juu na chini. Tena aliweza kwa sababu alijua kubana. Mtu asiye na ufundi angeokota rundo lile lile na lingemporomokea kabla halijafika kwenye mtambo.

Shule yenye wakuu wawili

Basel ya mwaka 1964 ilikuwa mahali pazito. Armin Hofmann alifundisha usanifu wa picha na mabango, akiwasukuma wanafunzi wapunguze umbo mpaka libaki lile lisiloweza kupunguzwa tena; kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1965. Emil Ruder, ambaye naye alianza maisha kama mpangaji herufi, alikuwa akifundisha taipografia hapo tangu mwaka 1942, na mwaka 1967 alichapisha kitabu chake kikubwa, *Typographie*. Kwa Ruder, kazi ya kwanza ya maandishi ni kusomeka. Aliwafundisha wanafunzi kutumia gridi, yaani mtandao wa mistari isiyoonekana unaopanga kila kitu ukurasani. Kuziacha kingo za kulia za mistari zisilingane. Na kuyaona maeneo matupu kuwa yenye nguvu sawa na herufi zenyewe. Alipenda sana Univers, familia ya herufi iliyobuniwa na Adrian Frutiger na kutolewa mwaka 1957 ikiwa na sura 21, nyembamba hadi nene, zote zikipatana.

Mtindo huu wa Kiswisi ulienea duniani kwa sababu ulifanya kazi. Hospitali, benki, viwanja vya ndege na wizara zilipata njia ya kusema mambo magumu kwa utulivu. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1960 utulivu huo ulikuwa umeanza kugeuka mazoea. Kanuni iliyozaliwa kama jibu ilifundishwa kana kwamba hapakuwahi kuwa na swali.

Weingart aliyaona mazoezi ya Ruder kuwa ya kubana na kuchosha. Hata hivyo hakuondoka. Waalimu wale, kwa upande wao, walikuwa na uungwana wa kumwachia mlango wa karakana wazi, jambo ambalo shule nyingi hazina moyo wa kulifanya. Walimwona anapinga yale waliyoyajenga, wakaona pia kwamba anapinga kwa kazi, chapa juu ya chapa. Nadhani sehemu hii ya habari yake haisimuliwi vya kutosha. Mwanafunzi mwenye maswali anahitaji mwalimu asiyetishika nayo.

Kulabu na herufi M

Katika darasa la Hofmann kulikuwa na zoezi la mistari: panga mistari, tazama uhusiano wake, badilisha unene na nafasi, tazama tena. Wengine walichukua kalamu na rula. Weingart alichukua ubao, akaskurubu ndani yake kulabu zenye umbo la herufi L, safu kwa safu, kwa vipimo vya gridi. Kila kulabu iliweza kuzungushwa. Ukigeuza hii kulia na ile kushoto, ukapaka wino na kuchapa, unapata mchoro wa mistari. Ukizungusha chache tu, unapata mwingine.

Hapo ndipo tunapoona vizuri akili ya fundi. Zoezi lilidai mchoro, yeye akatengeneza kifaa cha kuzalisha michoro isiyo na idadi. Gridi ya waalimu wake imo ndani ya ubao ule, imepangwa kwa nidhamu yote, ila safari hii inazunguka. Mpaka leo mbunifu anayeandika programu ya kompyuta inayobadilisha umbo kwa kubadilisha nambari chache anafanya kazi ya ukoo mmoja na ubao ule wa kulabu.

Kisha likaja somo la herufi M. Aliichukua herufi hiyo moja, akaiweka kwenye pande za mchemraba, na kuupiga picha kutoka pembe mbalimbali. Herufi iliyozoeleka kuwa bapa ikaanza kuwa na kina. Miguu yake ikarefuka upande mmoja na kufupika mwingine, matumbo yake meupe yakafunguka na kufumbika, na mahali pengine ikaacha kabisa kusomeka ikawa umbo tu, nyeusi dhidi ya nyeupe. Kwa mwanafunzi, zoezi la namna hii lina faida ambayo haipatikani kwa kurukia alfabeti nzima. Herufi moja ikitazamwa kwa muda mrefu hufundisha wapi hasa kusomeka kunaishia, na mpaka huo ukishaujua unaweza kutembea juu yake kwa makusudi.

Darasa la maswali

Mwaka 1968 shule ilifungua kozi ya juu ya usanifu kwa wanafunzi wa kimataifa, na Weingart akaanza kufundisha taipografia. Wanafunzi walikuta mwalimu asiyewapa mtindo wa kuiga. Aliwarudisha kwenye herufi za risasi, waguse na kupima, halafu akawapa maswali ambayo majibu yake hupatikana kwa kuchapa tu.

Herufi za neno zinaweza kutenganishwa kiasi gani kabla neno halijavunjika machoni? Kwa nini aya ianze kwa kusogezwa ndani, na ni njia gani nyingine zinazoweza kumwambia msomaji kwamba wazo jipya limeanza? Itakuwaje unene wa herufi ukibadilika katikati ya neno? Itakuwaje kingo za aya zikikatwa kwa ngazi, hatua kwa hatua? Ngazi hizo, nafasi pana na mistari minene iliyolala juu ya maneno ikawa alama ya kazi za Basel za miaka ya 1970. Mwaka 1972 na 1973 Weingart alibuni mfululizo wa majalada ya *Typographische Monatsblätter*, jarida la Kiswisi la wachapaji, na kupitia majalada hayo mafundi wa nchi nyingi waliona kilichokuwa kikipikwa huko. Mwaka 1972 alisafiri pia Marekani kutoa mihadhara.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Mmarekani Dan Friedman. Aliporudi kwao na kuanza kufundisha, Friedman alibuni zoezi lililopata sifa: mwanafunzi anachukua taarifa ya hali ya hewa, maandishi makavu kabisa, na kuyapanga upya mara nyingi. Mwanzo yanapangwa kwa utaratibu mkali, kisha yanalegezwa kidogo kidogo, ukubwa unabadilika, mistari inainama, maneno yanasambaa, mpaka ukurasa unakaribia kuwa mchoro. Maneno hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni jinsi msomaji anavyoyapokea, na ukizipanga karatasi zote ukutani unaona waziwazi pale ambapo ukurasa mtulivu unaomhudumia msomaji anayetafuta habari unageuka ukurasa wenye mvuto unaomsimamisha mpita njia. Kurasa zote mbili zina kazi yake, na mbunifu anapaswa kujua amesimama wapi kati yake.

Zoezi hilo lina busara ya kuchagua maandishi ya kawaida. Ukimpa mwanafunzi shairi zuri, uzuri wa maneno humfichia udhaifu wa kazi yake. Taarifa ya mvua na upepo haimfichii kitu.

Filamu juu ya filamu

Kufikia miaka ya 1970 risasi ilikuwa inaondoka kwenye matbaa. Uchapaji wa ofseti ulienea, na maandishi yakawa yanatengenezwa kwa mwanga kwenye filamu. Mafundi wengi waliomboleza, na walikuwa na haki, maana ujuzi wa maisha yao ulikuwa unakosa soko. Weingart alikigeukia kifaa kipya na swali lake la zamani: hiki kinaweza nini?

Filamu ni nyembamba na inapitisha mwanga, kwa hiyo inaweza kulazwa juu ya filamu nyingine. Picha za magazeti na mabango huvunjwa kuwa nukta ndogo ili ziweze kuchapwa. Nukta kubwa zikisongamana hutoa kivuli, ndogo zikiachana hutoa mwanga. Kwa kawaida nukta hizo hufichwa zisionekane. Weingart alizikuza mpaka zikawa kubwa za kuonekana kwa macho. Alipolaza mitandao miwili ya nukta kwa pembe tofauti, yakatokea mawimbi na maua ya nukta ambayo mchapaji wa kawaida huyahesabu kuwa kosa. Yeye aliyatumia kama rangi ya msanii. Alikata filamu kwa mkasi, akazipanga juu ya meza ya mwanga, tabaka juu ya tabaka, na kuzipeleka moja kwa moja kwenye bamba la kuchapia.

Mabango yake ya Kunstkredit, mfuko wa serikali ya Basel wa kusaidia sanaa, ya nusu ya pili ya miaka ya 1970, na lile la maonyesho ya bango la Kiswisi la mwaka 1984, yalitoka kwenye meza hiyo. Yalichapwa kwa kipimo cha kawaida cha mabango ya Uswisi, sentimita 90.5 kwa 128. Simama mbele ya moja na utaona vipande vilivyochanika, vivuli vya nukta, herufi zinazotokeza na kuzama. Ukikaa nalo zaidi, utaanza kuona mpangilio. Uzito upande mmoja umejibiwa na uzito upande mwingine, na mshazari umezuiwa na mlazo. Ni mizani ile ile aliyojifunza alipokuwa akiibana risasi ndani ya fremu.

Kifaa kinachofuata

Mwaka huo huo wa 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya Macintosh. Wabunifu wengi waliidharau kwa sababu herufi zake zilikuwa na kingo za ngazi na picha zake zilijaa vijiraba, yaani miraba midogo midogo inayounda picha ya kompyuta. April Greiman, Mmarekani aliyesoma Basel mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye kuhamia Los Angeles, aliona kilichokuwa mbele yake. Mwaka 1986 alipopewa toleo namba 133 la jarida la *Design Quarterly*, alilifanya bango moja linalokunjuka, lenye picha yake mwenyewe ya kimo cha mtu mzima na maandishi yaliyopangwa juu yake, vyote vikitengenezwa kwa kompyuta ile. Vijiraba havikufichwa. Aliviacha waziwazi, kama mwalimu wake alivyoziacha nukta.

Huo ndio urithi niuonao kuwa wa thamani kuliko ngazi na nukta zenyewe. Weingart hakufurahia kuona mitindo yake ikinakiliwa huko na huku, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Aliyenakili ngazi alichukua jibu la mtu mwingine kwa swali ambalo hakuwahi kuliuliza. Greiman alichukua swali, akalipeleka kwenye kifaa ambacho Basel ya miaka yake haikuwa nacho, na jibu lake likawa lake.

Weingart alifariki mwaka 2021, baada ya kuandika safari yake yote katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2000. Mwanafunzi wa leo ana fonti kwa maelfu kwenye kompyuta yake na anaweza kupinda neno kwa kubofya mara moja. Wepesi huo ni neema, lakini una hatari yake: kifaa kinapotii kila amri bila upinzani, humfichia mtumiaji tabia zake. Kwa hiyo ni lazima mwanafunzi ajitafutie upinzani. Achague fonti moja na kukaa nayo. Achukue maandishi makavu kama yale ya hali ya hewa na kubadilisha jambo moja tu kwa kila karatasi, iwe nafasi, unene, au mwelekeo. Achape, abandike ukutani, arudi nyuma hatua kadhaa na kutazama neno linavunjika wapi na linapata nguvu wapi. Aikuze picha ya simu mpaka vijiraba vyake vijitokeze, na ajiulize vina kazi gani. Aonyeshe kazi kwa mtu asiyejua usanifu na kumwuliza amesoma nini kwanza.

Kazi hiyo ni ya polepole, na karatasi nyingi zitaishia kwenye takataka. Lakini anayeifanya hupata kitu ambacho programu haiuzi. Ataijua sheria kwa sababu yake, na siku atakapoamua kuivunja ataweza kusema anaivunja ili msomaji aone nini. Kwa kipimo hicho mwalimu, mteja na msomaji wanaweza kumhukumu kwa haki, naye ataweza kusimama nyuma ya kazi yake bila kutafuta kinga kwenye neno majaribio.